Maji Yamefika Wapi?

Rangi niliipaka mwenyewe. Dalali alileta ndoo ya lita nne, nyeupe, na brashi mbili, akasema chumba cha nyuma kikipigwa mikono miwili kitang'aa, na mteja akiingia ataona mwanga kabla hajaona kitu kingine. Nilianza na ukuta wa dirishani. Ukuta wa nyuma ya mlango niliuacha mpaka mwisho, kwa sababu hapo palikuwa na mwandiko wa baba.

Baba hakuwa mtu wa kuandika. Lakini nyuma ya mlango ule alikuwa amechora mistari mitatu kwa mkaa, kila mmoja na tarehe yake. Wa chini ulikuwa wa mvua za El Nino, mwanzoni mwa 1998, na ulifika kwenye kifundo cha mguu. Wa katikati ulikuwa wa Aprili 2018, chini kidogo ya goti. Wa juu kabisa ulikuwa wa Desemba 2011, ile mvua iliyosemwa kuwa kubwa kuliko zote tangu Uhuru, na mimi nikisimama pale ulinifika kiunoni. Wageni wakija baba alipenda kuwaonesha. "Hapa," angesema, kidole ukutani, "mto uliingia bila hodi."

Mkono wa kwanza wa rangi haukutosha. Mkaa ulibaki kama kivuli. Ilibidi nipige mara tatu. Nilipomaliza niliosha brashi uani, nikajiambia kwamba nimepaka rangi nyumba ya urithi kama wanavyofanya watu wote wanaouza.

Nyumba yenyewe iko Kigogo, Dar es Salaam, upande unaoteremka kuelekea Bonde la Msimbazi. Ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida: vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, baraza mbele, choo na jiko uani. Vyumba viwili vya mbele vilikuwa na wapangaji. Baba aliinunua Septemba 1988. Mwezi Septemba Mto Msimbazi ni kijito tu, mtoto anauruka, na aliyemuuzia baba hakuona sababu ya kuzungumzia Aprili. Mwishoni mwa 2015, serikali ilipoanza kubomoa nyumba za bondeni, watu walipita na rangi nyekundu wakiandika alama ya X ukutani. X ya mwisho iliishia nyumba ya nne chini yetu. Mama alisema Alhamdulillah, kisha akaenda kukaa na majirani waliokuwa wanatoa vitu nje.

Baba alifariki mwaka 2021. Kikao cha ukoo kilinipendekeza mimi kuwa msimamizi wa mirathi. Mimi ni mtoto wa pili, na ni msichana, lakini walisema nimesoma na sina haraka ya pesa. La kwanza lilikuwa kweli. Mahakama ya Mwanzo ikaniteua. Kazi ya msimamizi ukiisoma karatasini ni nyepesi: kusanya mali, lipa madeni, gawa kilichobaki kwa warithi, rudisha hesabu mahakamani. Mali yenyewe ilikuwa nyumba moja na baiskeli, na nyumba haigawanyiki. Huwezi kumpa mtu dirisha na mwingine mlango. Tukakubaliana kuuza.

Ambaye hajawahi kuuza nyumba ya wazazi wake hajui jinsi pesa ambayo bado haijaingia inavyoweza kukaa na watu mezani. Dalali alisema nyumba hii, ikipata mtu sahihi, haitukosi milioni 60 mkononi baada ya gharama zote. Kuanzia siku hiyo kila mtu alikuwa na milioni zake. Kwa mgawanyo wa Kiislamu, mama anapata sehemu moja ya nane, yaani milioni saba na nusu. Kinachobaki kinagawanywa kwa watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike. Sisi tuko watano, wavulana wawili na wasichana watatu, kwa hiyo ni mafungu saba: kaka zangu milioni 15 kila mmoja, sisi dada milioni saba na nusu kila mmoja. Kaka mkubwa alikuwa ameshachagua Bajaji. Mdogo wetu wa mwisho aliota fremu ya cherehani. Sisi dada watatu tulikubaliana kuweka mafungu yetu pamoja na la mama, zifike milioni 30, tumjengee kwake Chanika, mahali pakavu. Mama alitaka vyumba vitatu, dari, na nafasi ya kupanda mchicha.

Miezi sita tuliishi hivyo. Dalali alipiga simu wakati wowote, "dada'ngu, nina mteja yuko njiani," na mama akaamka alfajiri kufagia uwanja uliokwisha kufagiwa jana. Wengine walikuja, wakagonga kuta kwa ngumi, wakaondoka bila kuaga. Mmoja alitupa milioni 30 kama anayemtupia kuku punje. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi tulikuwa tunakitembeza, na kila aliyekikataa tulihisi ametukataa sisi. Kaka alianza kukopa kwa kutegemea Bajaji ambayo haikuwepo.

Kisha akaja mwalimu. Alikuwa amehamishwa kutoka Singida, mpole, na suruali yake imepigwa pasi kwa mstari. Alikuja na mke wake na mtoto mgongoni, na mwingine wa miaka minne ambaye alikimbia moja kwa moja hadi uani kana kwamba pameshakuwa kwao. Ilikuwa Septemba. Mwalimu alitazama paa, akauliza kuhusu leseni ya makazi, akauliza maji ya bomba, akauliza majirani. Alipoingia chumba cha nyuma akasema, "Hiki kina mwanga. Watoto watalala hapa."

Nikasema, "Ndiyo, kina mwanga."

Hilo ndilo jibu langu lote. Halikuwa uongo. Walipoondoka, dalali alinipa mkono. Mwalimu alikuwa amekubali bei. Alitaka tu mke wake arudi Jumamosi kuangalia jiko na vipimo vya vitanda.

Usiku ule nilimwambia kaka kwamba nadhani inabidi tuwaambie kuhusu maji. Hakupandisha sauti. Alinijibu kama mtu aliyekwisha kulifikiria, na hoja zake tatu ninazikumbuka kwa mpangilio.

Ya kwanza: hakuna aliyedanganya. Wana macho, wana miguu, mto uko pale, majirani wako pale. Hawakuuliza. Ya pili: aliyemuuzia baba mwaka 1988 alimwambia nini? Baba alilipa kwa jasho lake, akanunua na maji, akayabeba miaka 33. Kwa nini mnyororo ukatike kwetu, ambao tumeumia tayari? Ya tatu aliisema polepole zaidi: "Wewe ni msimamizi. Kiapo chako kiko kwa warithi. Pesa unayotaka kuiachia siyo yako. Ni ya mama. Ukweli wako utalipiwa na nani?"

Sikuwa na jibu, na nikilala nilikuwa naiona hesabu.

Hoja ya kwanza ina umri mkubwa kuliko tulivyojua mimi na kaka. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma alimwandikia mwanawe, aliyekuwa akisoma Athens, kitabu kuhusu wajibu, na ndani yake kuna kisa hiki hiki: mtu mwema anauza nyumba yenye kasoro anazozijua yeye peke yake. Je, asiposema, amedhulumu? Cicero anawapambanisha wanafalsafa wawili wa Kistoa. Diogenes wa Babeli anasema hapana. Mnunuzi hakulazimishwa, na ni muuzaji gani mwenye akili timamu atamtuma mnadi atangaze kuwa nyumba ni ya maradhi? Antipater, mwanafunzi wake, anasema kumwacha mtu atumbukie kwenye hasara kwa kutokujua ni sawa na kumkatalia njia mtu aliyepotea. Cicero mwenyewe anasimama na Antipater, na kipimo anachokitoa kinauma: kunyamaza si lazima kuwe kuficha, ila unaficha pale unapotaka, kwa faida yako, mwenzako asijue jambo ambalo linamhusu kulijua.

Sikuhitaji kwenda Roma, kwa kweli. Kila mtoto wa madrasa amesimuliwa jinsi Mtume alivyopita sokoni, akatia mkono katika lundo la nafaka, vidole vikatoka na unyevu. Akamuuliza mwenye mali, akajibiwa kuwa ni mvua. Akataka kujua kwa nini basi iliyolowa haikuwekwa juu, watu waione. Nilikisikia kisa hicho nikiwa na miaka saba, nikakielewa kuwa kinahusu wauza nafaka. Sikujua kwamba siku moja nitakuwa na lundo langu, na kwamba nitalifunika kwa ndoo ya lita nne.

Hapo ndipo hoja ya kwanza ya kaka iliponiponyoka. Ingekuwa sahihi kama ningekuwa nimenyamaza tu. Mwalimu alikuwa na macho, naam, na kitu ambacho macho yake yangekiona nilikiondoa kwa mikono mitatu ya rangi. Nilikuwa nimejibu swali lake kabla hajaliuliza, na nilikuwa nimelijibu uongo.

Hoja ya pili niliiheshimu zaidi, kwa sababu ndani yake kuna uchungu wa haki. Sisi hatukuuleta mto. Jiji limekua juu ya bonde, na watu wenye kipato kidogo wamenunua pale walipoweza, kisha wakauziana wenyewe kwa wenyewe hatari ile ile, kila mmoja akimpokeza mwenzake kaa la moto kabla halijamchoma zaidi. Anayetulia akasema ukweli ndiye anayebaki nalo kiganjani. Lakini nikiufuata mnyororo huo mbele badala ya nyuma, naona unafikia wapi. Kama maumivu yangu ni ruhusa ya kumpa mwingine maumivu, basi mwalimu naye, baada ya Aprili yake ya kwanza, atapaka rangi na kumsubiri mgeni wa Septemba. Na mtoto anayelala chumba cha nyuma hakuuza wala hakununua chochote.

Hoja ya tatu ndiyo iliyoninyima usingizi. Mtu anaweza kuwa mkarimu kwa pesa yake. Kwa pesa ya mama yake anaweza kuwa mwizi tu, hata kama anaiba ili awe mwema. Jumamosi ilifika sijaamua.

Mke wa mwalimu alikuja asubuhi, na kamba ya kupimia, mtoto mgongoni. Mama alikuwa ameketi mkekani uani akichambua mchele. Akamkaribisha, yule dada akamsalimia shikamoo, akavua viatu, akaketi pembeni ya ungo na kuanza kuchambua naye, kama wanavyofanya wanawake waliolelewa. Nilikwenda jikoni kuwachemshia chai. Niliporudi na vikombe, mama alikuwa anazungumza kwa sauti ile ile anayoitumia kumweleza mtu jinsi ya kupika wali wa nazi.

"Mwanangu, mkihamia, kitanda cha watoto msikiweke chumba cha nyuma. Mwezi wa nne maji yanaingia. Hayaanzii mbele, yanaanzia mlango huu wa uani. Ukiona choo kinarudisha maji, usingoje. Beba watoto, pelekeni vyumba vya mbele, pale sakafu iko juu. Magodoro pandisha kwenye meza. Na hati zako na vyeti weka juu ya kabati, ndani ya mfuko wa nailoni. Baba yao vyeti vyake viliozea humu mwaka 2011."

Yule dada aliacha kuchambua. "Maji yanafika wapi, mama?"

Mama akanigeukia. "Hebu mpeleke umwoneshe pale baba yenu alipoandika."

Wiki ile niliyopaka rangi mama alikuwa msibani Kibiti. Aliporudi alikuta chumba kinanukia upya, akanishukuru. Haikumpitia akilini kwamba ningefuta pale.

Nilitangulia, yule dada nyuma yangu. Niliingia chumba cha nyuma, nikavuta mlango, na ukuta ukawa mweupe mbele yetu sote wawili. Sikuwa na la kuonesha ila mwili wangu. Nikainama nikaweka mkono kwenye kifundo: "Hapa, 1998." Nikaupandisha chini ya goti: "Hapa, 2018." Nikasimama wima, nikauweka kiunoni. "Na hapa, 2011." Yeye alitazama mkono wangu, kisha akatazama rangi, kisha akanitazama usoni. Hakusema neno. Alimfunga mtoto vizuri mgongoni, akarudi uani kumuaga mama.

Nilimuuliza mama baadaye kama alijua alichokifanya kwenye bei. Aliniona mjinga. "Nilijua. Sasa ulitaka nimwachie nyumba bila kumwambia inavyokaliwa?" Kwake hakukuwa na mjadala wa kuficha wala kutangaza. Mgeni anaelekezwa. Anayehamia anaambiwa mlango upi unakwama, jirani yupi ana mbwa, na maji yanapita wapi. Ninapomfikiria Antipater na mtu wake aliyepotea njia, namwona mama na ungo.

Mwalimu alirudi baada ya siku tisa. Alikuwa amezungumza na fundi. Ilibidi sakafu ya nyuma iinuliwe na mlango wa uani ujengewe kizingiti kirefu. Alishusha bei. Tulibishana, tukakubaliana. Gharama zote zilipotoka, mkononi tulibaki na milioni 48. Mama milioni sita, kaka zangu milioni 12 kila mmoja, sisi dada milioni sita kila mmoja. Mafungu yetu wanawake yakawa milioni 24 badala ya 30.

Kaka hakunisemesha hadi Ramadhani. Bajaji alinunua iliyotumika, ikamsumbua gia. Alipokuja kuzungumza, hakusema kwamba nilikuwa sahihi. Alisema kwamba mama alikuwa na haki ya kutoa cha kwake, lakini hakuwa na haki ya kutoa cha kwake yeye. Nimeliweka swali hilo mezani kwa muda mrefu, na hili ndilo ninaloweza kumjibu. Msimamizi wa mirathi anagawa alichoacha marehemu. Baba aliacha nyumba yenye mistari mitatu nyuma ya mlango. Nyumba hiyo thamani yake ilikuwa milioni 48. Ile ya milioni 60 baba hakuiacha. Niliitengeneza mimi, kwa brashi. Zile milioni 12 hazikuwa urithi wetu uliopotea. Zilikuwa pesa za mwalimu wa Singida, na mimi nilikaribia kuwagawia ndugu zangu kwa mafungu ya halali.

Najua jibu hilo ni jepesi kuliandika. Nyumba ya mama Chanika ina vyumba viwili, si vitatu, na haina dari. Mvua ikinyesha juu ya bati hatusikilizani, tunakaa tu tukitazamana mpaka ipite. Milioni sita zilizokosekana nazifahamu kwa masikio. Kama kuna anayedhani ukweli hulipa, aje akae nasi pale mwezi wa nne. Ninachoweza kusema ni kwamba sakafu ni kavu, na mama analala.

Aprili 2024, mvua zilipozidi na Jangwani pakafungwa, mama aliniambia nimpigie mke wa mwalimu. Nikaweka simu kwa sauti kubwa, bati likipiga kelele juu yetu.

"Mwanangu, maji yamefika wapi?"

Yule dada alisema yamepita kizingiti saa kumi alfajiri, yakafika kwenye kifundo, hayakuzidi. Watoto walikuwa wamelala vyumba vya mbele tangu jioni. Vyeti viko juu ya kabati. Mume wake, akasema, ametafuta mkaa jikoni, ameandika tarehe nyuma ya mlango.

Mama alinitazama kwanza, ndipo akamjibu.

"Basi pale pasipakwe rangi."